Mgeni Asiyeandikwa Daftarini

Siku nzima ya Alhamisi Sajini Togar Sianipar aliimalizia stesheni ya treni ya Pasar Senen, Jakarta, na alichovuna ni picha moja ya kamera. Ilimwonyesha mzee mfupi mwenye kofia nyeusi, kikapu begani, akitoka getini siku ya Jumatano, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Kisha basi likapita mbele ya kamera. Basi lilipoondoka, mzee hakuwapo.

Mzee huyo ni Sanwirya, mwenye miaka sitini na tisa, mtengeneza tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, wa kijiji kimoja huko Kebumen. Tangu azaliwe hakuwahi kuikanyaga Jakarta. Safari hii alikuja kwa jambo moja tu: Jumapili binti yake wa pekee, Rumiyati, alikuwa anaolewa, na baba ndiye walii wa kumwozesha. Aliyetakiwa kumpokea stesheni ni mdogo wake, Karsono, aliyekuwa Jakarta kwa miaka kumi na moja. Karsono alisema alisubiri mpaka saa tatu, mgeni hakumwona.

Basi wakubwa wa Togar wakaamini kwamba mzee kaangukia mikononi mwa matapeli wa stesheni, wale wanaowapa wageni chai yenye dawa. Wahuni wawili walikuwa mahabusu tayari. Walikiri wizi wa simu nne na sanduku moja. Mzee hawakumkiri.

Ijumaa saa mbili asubuhi Rumiyati alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, bado na sare ya kiwanda cha nguo.

"Afande, leo siku ya tatu."

"Najua kuhesabu," alisema Togar. Alikuwa Mbatak wa kutoka Toba, na Wabatak hawasifiwi kwa kusema polepole. "Baba yako alibeba nini kwenye kikapu?"

"Nguo za harusi. Na tempe."

"Tempe? Kuja Jakarta? Huku kila kona wanauza."

"Si kama zake. Baba anafungia jani la mtiki, anakaza kwa bua la mpunga. Anasema tempe za Jakarta zinavishwa plastiki kama maiti wa hospitali." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Alizifunga Jumatatu ili ziive Jumatano asubuhi, akifika tu ziliwe."

Togar akaandika: jani la mtiki, Jumatano.

"Nyumbani kwa baba yako mdogo umewahi kufika?"

"Hapana. Tunakutana msikitini au stesheni. Nyumba yake iko kwenye ukarabati. Yeye ni msimamizi wa ghala."

"Ukarabati umeanza lini?"

Rumiyati akafikiri. "Nilipokuja mjini ulikuwa umeshaanza."

"Na wewe umekuja lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

Togar akaandika na hilo, akachukua ufunguo wa pikipiki.

*

Mjumbe wa mtaa wa Karsono, Jamhuri, alikutwa akimnyunyizia maji njiwa wake aliyekuwa kwenye tundu. Daftari la wageni lilitoka kabla halijaombwa. Jamhuri alikuwa mtu wa daftari.

"Mgeni akilala kwenye mtaa wangu, ndani ya saa ishirini na nne nimjue. Jina, atokako, kwa nani, siku ngapi. Tazama mwenyewe."

Togar akatazama. Wiki nzima walikuwa wageni watatu: shemeji ya mtu kutoka Tegal na wanawake wawili kutoka Serang. Jumatano ilikuwa tupu. Alhamisi tupu.

"Basi mgeni wa Karsono hakufika," alisema Jamhuri. "Angefika ningemwandika."

"Hakuandikwa. Kufika ni jambo lingine." Togar akalifunga daftari. "Anakaa nyumba gani?"

"Nyumba?" Mjumbe akacheka, kisha akaona aibu ya kucheka. "Chumba, Afande. Namba kumi na nne, kile cha mbao juu ya mfereji."

"Mtu wa ghala anakaa juu ya mfereji?"

Jamhuri akamgeukia njiwa. "Mimi naandika wageni. Kazi za watu siandiki."

*

Karsono alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ikasimama kama kisu. Chumba kilikuwa hatua nne kwa tano. Mkewe, Warsiti, aliweka chai kwenye mkeka, akarudi kusimama mbele ya mlundo wa magodoro.

"Ulifika stesheni saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Ukasimama wapi?"

"Karibu na mlango mkubwa."

"Hukumwona akitoka? Kamera imemwona."

"Watu walikuwa wengi, Afande. Treni tatu kwa mpigo."

"Ndugu yako wa tumbo moja, na kofia yake, na kikapu chake, kamera ya serikali yenye vumbi imemwona, wewe hukumwona."

Karsono akanywa chai yake. Alipoinua shingo Togar akaona nyuma ya sikio, pale ambapo mtu akinawa harakaharaka mkono haufiki, alama ya kijivu inayometa kama magamba ya samaki. Na chini ya harufu ya pasi kulikuwa na harufu nyingine. Mafuta ya taa.

"Ghala gani unasimamia?"

"La mtu binafsi. Vyakula."

"Vyakula vinapakwa rangi siku hizi?"

Karsono akagusa sikio lake. "Tunapaka milango."

"Mlipaka lini?"

"Jana." Kisha akaongeza, "Juzi pia."

Kutoka stesheni mpaka kwenye chumba hiki ilikuwa nusu saa kwa bajaji. Mtu aliyempoteza kaka yake Jumatano saa tatu, siku hiyohiyo akaenda kupaka milango. Labda ni moyo mgumu. Labda ni kwamba alijua hakuna wa kutafutwa stesheni. Akatupa jicho kwenye rafu ya vyombo. Sahani zilikuwa za bati, za kijani zenye madoadoa meupe, zimesimamishwa kwenye mwanya wake kila moja. Mianya sita, sahani tano.

"Asante kwa chai, mama," akasema, akatoka.

*

Vyumba viwili mbele, mwanamke mnene aitwaye Saodah alikuwa akikaanga ndizi na mihogo kwenye karai. Huyo alikuwa Mbetawi, mwenyeji wa Jakarta wa kuzaliwa palepale, na mtaa mzima ulimwogopa mdomo.

"Nunua basi, Afande. Polisi akisimama bure kwenye biashara yangu, watu wanadhani nimeua."

Togar akanunua mihogo mitano. Akala mmoja, ukamchoma ulimi.

"Pole pole! Na umbo lote hilo huna hata subira ya kupuliza?"

"Dada, hii sahani si yako."

Ilikuwa nyuma yake, juu ya ndoo, imeoshwa na kuinamishwa. Bati la kijani, madoadoa meupe.

"Ya Warsiti. Ningeirudisha tangu jana, ila sina cha maana cha kutia. Mihogo anaiona kila siku. Nimepanga leo nipike uji wa choroko, ndiyo niirudishe. Sahani ya mtu haiendi tupu. Mama yangu atafufuka anizabe kofi."

"Ilikuja na nini?"

"Tempe. Lakini tempe hasa!" Saodah akabusu ncha za vidole. "Vipande vitatu. Nimekaanga, mume wangu akaniuliza nimeolewa na nani mwingine."

"Lini?"

"Jumatano asubuhi. Sijawasha hata jiko."

"Alisema kaleta nani?"

"Mtu mzima akiletewa cha kijijini haulizi kaleta nani. Anaonja kwanza." Kisha mwiko ukasimama hewani. Mdomo wake ulikuwa mrefu, lakini akili haikuwa fupi. Mtaa mzima ulijua polisi anamtafuta nani. "Afande. Nimesema nini mimi?"

"Zilifungwa kwa nini?"

"Jani. Kubwa kama sikio la tembo. Nimefungia pilipili zangu, zuri sana." Sauti ilikuwa imeshuka. Akachomoa fungu la pilipili chini ya meza, akalifungua, akampa jani.

Togar akalikunja kipande cha ncha na kukisugua katikati ya vidole. Vidole vikatoka na wekundu kama damu ya mbu. Jani la mtiki. Mitaa yote ile, mpaka baharini, hakukuwa na mtiki hata mmoja. Na tempe haivumilii. Ile iliyofungwa Jumatatu ikaiva Jumatano haikuja kwa posta.

"Nitaichukua na sahani."

"Tupu?" Saodah akashtuka kwelikweli. Akanyakua ndizi tatu za moto kutoka kwenye karai, akazitupia ndani. "Haya. Sasa nenda."

*

Togar aliiweka sahani kwenye mkeka, mbele ya magoti ya Karsono, jani akaliweka pembeni. Warsiti akaiona, akakaa chini palepale alipokuwa.

"Mimi ndiye niliyegawa," alisema kabla hajaulizwa. "Ndivyo inavyotakiwa. Shemeji kaleta vipande kumi na viwili. Ningekula mwenyewe nyuma ya mlango kama mwizi, na jirani ananusa?"

"Nyamaza," alisema Karsono.

"Nimenyamaza siku tatu! Nilikwambia tumwandikishe kwa mjumbe, ukasema kesho. Nilikwambia tumtafute, ukasema karudi Kebumen." Akanyanyuka, akauvuta mlundo wa magodoro pembeni. Nyuma yake kulikuwa na kikapu cha mwanzi. Ndani mlikuwa na shati la batiki lililokunjwa kwa uangalifu, msuli mpya, na mfuko mdogo wa plastiki. Togar akaufungua. Kitambulisho. Sanwirya, wa Kebumen.

"Sasa sema," Togar alimwambia Karsono. "Na usipambe."

Karsono alikigeuza kitambulisho uso chini.

"Sina ghala, Afande. Najipaka rangi ya fedha. Mwili mzima. Nasimama kwenye taa za njia panda ya daraja, na kopo la kuombea."

Togar aliwajua. Nani asiyewajua? Taa ikiwa nyekundu wanakuja kwenye dirisha, wanametameta kama sufuria, macho tu ndiyo ya mtu.

"Nyumbani wanajua mimi ni bosi. Niliwatumia picha ya nyumba, nimesimama getini. Ya mtu. Nilimleta kaka hapa, nikamwambia chumba hiki ni cha kujishikiza, nyumba inakarabatiwa. Akasema sawa. Hakuuliza hata swali moja. Nikamwambia pumzika, mimi naenda kazini. Yeye hajui kupumzika. Saa nne akatoka kuutazama mji. Akafuata barabara kubwa."

"Akakukuta."

"Nilimwona mimi kwanza. Nikageuka. Nikasema kwa rangi hii mama yangu mzazi hawezi kunijua." Akafuta pua kwa mkono wa shati lililopigwa pasi. "Akaniita jina. La utotoni. Akaja mpaka katikati ya magari, akanishika mkono, anasema, twende nyumbani. Wenye pikipiki wanacheka. Nikamwambia, mzee, mimi sikujui. Hakuniachia. Nikamsukuma."

"Sana?"

"Kidogo."

"Kidogo cha nani? Cha kwako au cha mzee wa miaka sabini?"

Karsono akauvuta mkono wa shati mpaka kwenye kiganja.

"Damu ilitoka?"

"Kichwa kiligonga ukingo wa barabara. Damu nilikuwa nayo kwenye vidole, juu ya rangi. Nikakimbia. Nimekwenda kuoga, nikarudi, sikumkuta. Nikadhani kapanda treni."

"Bila kikapu. Bila kitambulisho. Na kichwa kimepasuka." Togar akasimama. "Kwa siku mbili tumepiga simu hospitali sita. Zote za upande wa stesheni, kwa sababu wewe ulisema hukumpata stesheni. Njia panda yako iko magharibi. Upande huu hatujapiga hata moja."

Akapiga palepale, amesimama mlangoni. Hospitali ya kwanza, hakuna. Ya pili, muuguzi akamwambia asubiri. Alisikia makaratasi yakifunuliwa.

"Tunaye mzee asiye na jina," alisema muuguzi. "Kaletwa na dereva wa bajaji, Jumatano saa tano. Jeraha la kichwa. Anazungumza, ila jina hasemi. Wewe nani wake?"

"Polisi. Yuko hai?"

"Njoo upesi, Afande. Saa nane wanampasua."

*

Karsono alipelekwa kituoni na gari la doria. Togar akampitia Rumiyati palepale kituoni, akampakia kwenye pikipiki, na njiani akamwambia yote, kwa sauti ya kushinda honi za magari, kwa sababu hakujua namna ya kumweleza mtu nusu. Mikono ya msichana ilikaza koti la Togar, na watu wa Ijumaa walikuwa wanamiminika msikitini, wakajaza barabara nzima.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye macho ya kukosa usingizi. Damu ilikuwa inajikusanya ndani ya fuvu, alisema. Juzi ilikuwa kidogo. Leo si kidogo tena.

"Angefunguliwa Jumatano ningekuahidi kitu. Leo siahidi. Na tulihitaji ndugu wa kutia sahihi. Hatukumpata kwa sababu hakutaka kusema yeye ni nani."

Rumiyati akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Mzee Sanwirya alikuwa amefungwa bandeji kichwani mpaka kwenye nyusi. Alipomwona binti yake, uso wake ulifunguka, kisha akaona sare ya Togar nyuma yake, ukafungwa tena.

"Rumi. Umekula?"

"Baba, kwa nini hukutaja jina?"

"Nimekuuliza, umekula?"

"Nimekula."

Togar akavuta kiti. Muda ulikuwa mchache, na kazi ilikuwa na utaratibu wake. Alitoa karatasi ya maelezo na kidau cha wino. Mzee akifa kwenye meza ya upasuaji, shauri si la kusukumana tena, na neno lake ndilo lingekuwa msingi wa yote.

"Mzee, uliumiaje?"

"Nilijikwaa."

"Wapi?"

"Barabarani. Magari mengi, mimi mshamba. Macho yalikuwa juu, kwenye maghorofa."

"Mdogo wako ameshasema yote."

"Karsono tangu utoto anajilaumu kwa kila kitu. Kuku akifa, anasema ni yeye. Andika nilijikwaa."

"Na jina ulilificha kwa nini?"

"Ningelitaja, mngeniuliza mwenyeji wangu. Mngekwenda kumtafuta." Macho yakamwendea Rumiyati, yakarudi. "Mngemsumbua kazini."

Togar aliishikilia kalamu bila kuandika. Aliwahi kuhoji wauaji, wezi wa magari na mchungaji mmoja mwongo, lakini hakuwahi kuwekewa mlango kama huu. Ulikuwa umefungwa kwa upole, na upande wa pili mwenye nyumba alikuwa anakufa.

"Mzee, ni uongo huo. Na ukiuwekea dole gumba, nikitoka hapa sina kesi."

"Ulikuwa na kesi?" aliuliza mzee. "Mimi sikushitaki mtu." Kisha akamgeukia binti yake, akamshika kifundo cha mkono. "Jumapili usiisogeze. Wazazi wa kijana wameshaalika watu. Nisipoamka, Karsono asimame pahali pangu. Nampa uwakilishi. Afande ni shahidi."

"Baba, yeye?"

"Ni baba yako mdogo."

"Alisema hakujui!"

"Alikuwa kazini," alisema mzee. "Ukichukua walii mwingine, Kebumen watauliza kwa nini. Wakiuliza, itabidi mtu ajibu. Usinifanye nijibu."

Wauguzi wawili walikuwa wamekwishafika mlangoni na kitanda cha magurudumu. Togar akaandika. Aliandika alivyoambiwa, neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza, na mwandiko wake mbaya ukawa mbaya zaidi. Aliandika na uwakilishi chini yake. Kisha akageuza karatasi.

Dole gumba la mzee likakosa kidau mara mbili. Ya tatu Rumiyati akaushika mkono wenyewe, akalichovya dole, akalipeleka juu ya karatasi, na pale juu akalizuia. Akayasoma maneno yote mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa inatembea. Togar hakumharakisha, na hakutazama pembeni.

Rumiyati akaligandamiza.

Alimfuta baba yake wino kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, taratibu, mpaka chini ya kucha. Akaubusu mkono ule na kuuweka kwenye paji la uso wake, akauacha pale mpaka wauguzi walipomwomba apishe. Magurudumu yakalia ukumbini, mlango wa mpira ukajifunga.

"Afande," alisema, bado ameutazama mlango. "Mwachie baba mdogo aje aniozeshe. Lakini mkono wake sitaubusu."